Kondoo wa Pusch Ridge: uchambuzi wa kisa cha mlima wa jangwani, moto na wapanda milima

Kaskazini mwa jiji la Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, milima ya Santa Catalina inainuka ghafla kutoka kwenye tambarare ya jangwa la Sonora. Jiji liko karibu mita 730 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha juu kabisa cha safu hiyo, Mount Lemmon, kinafikia mita 2,791. Upande wa magharibi wa safu, unaoitwa Pusch Ridge, ni mgongo wa majabali unaotazama moja kwa moja nyumba, barabara na viwanja vya gofu vilivyo chini yake, na tangu mwaka 1978 umelindwa kisheria kama pori ambalo magari na ujenzi haviruhusiwi. Juu ya majabali hayo liliishi kundi la kondoo wa mwitu wa jangwani, wale wenye pembe kubwa zilizojikunja, tangu kabla jiji halijawapo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi hilo lilihesabiwa kuwa limetoweka, na mwaka 2013 mamlaka za jimbo zikaanza kazi ya kulirudisha.

Kisa hiki kinamhusu kwa namna ya pekee kila anayependa kupanda milima ya jangwa, kwa sababu wapandaji walitajwa mapema miongoni mwa waliosababisha kondoo hao kutoweka. Ninachotaka kupima ni ukubwa wa lawama hiyo na mahali inapoangukia. Jibu langu, ambalo nitalijengea hoja, ni kwamba mpandaji hakuwa chanzo kikuu cha maangamizi, lakini sehemu yake ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kurekebishwa, na mtu hawezi kuielewa sehemu hiyo bila kwanza kuuelewa mwamba anaoukanyaga.

Basi tuanze na mwamba. Anayeingia katika korongo la Finger Rock, kwenye mwinuko wa karibu mita 945, akielekea kilele cha Mount Kimball chenye mita 2,211, hupanda zaidi ya mita 1,200 katika mwendo wa kilomita nane hivi. Jiwe linalotawala miteremko ya chini ni naisi, yaani mwamba geu wenye mistari meusi na myeupe inayopishana. Mistari meusi inatokana na itale ya kale yenye umri wa takribani miaka bilioni 1.4. Mistari myeupe ni ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza ndani ya itale hiyo zamani za karibu miaka milioni 50 iliyopita, na ndani yake mtu mwenye subira huona vipande vya ulanga mweupe vinavyometameta na pengine chembe nyekundu za ganeti. Miamba hii miwili haikukutana juu ya ardhi. Ilikutana kilomita kadhaa chini, penye joto na shinikizo kubwa, na hilo ndilo linalozua swali la msingi la jiolojia ya hapa: kitu kilichokuwa chini sana kimefikaje juu ya mawingu ya Tucson?

Jibu linapatikana katika kipindi cha takribani miaka milioni 30 hadi 20 iliyopita, wakati ganda la dunia katika eneo hili lilipovutwa likanyooka. Tabaka za juu ziliteleza kuelekea kusini-magharibi juu ya ufa uliolala kwa mwinamo mdogo, mfano wa blanketi linalovutwa kutoka juu ya mtu aliyelala, na miamba ya chini, ikiwa imepunguziwa mzigo, ikainuka ikafunuka. Wanajiolojia wengi wanaamini kwamba Tucson Mountains, vile vilima vya volkeno vilivyoko magharibi mwa jiji, ni sehemu ya tabaka hizo zilizoteleza kutoka juu ya Santa Catalina. Ushahidi wa mvutano huo hauhitaji maabara. Katika miteremko ya kusini, nyuso za naisi zina michirizi midogo iliyonyooka, na ukiifuata kutoka jabali hadi jabali utaona yote imeelekea upande mmoja, kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, ambao ndio mwelekeo wa mtelezo wenyewe. Madini yaliyokuwa moto na laini yalivutwa yakawa nyuzi.

Baadaye, nyufa nyingine zenye mwinamo mkali ziliikata nchi hii na kuigawa katika safu za milima na mabonde yaliyodidimia kati yake. Mmojawapo wa nyufa hizo, unaojulikana kama Pirate, unapita kwenye mguu wa magharibi wa Pusch Ridge. Bonde la upande wake mmoja lilishuka, mlima ukabaki juu, na uso uliobaki ukawa ukuta. Tangu hapo, baridi ya usiku, joto la mchana na maji ya mvua za ghafla vimekuwa vikiupasua ukuta huo kwa kufuata mipasuko ya asili ya jiwe, na kuacha minara, ngazi na vibao vyembamba vya mwamba vinavyoning'inia juu ya makorongo. Mpandaji huviona vibao hivyo kama hatari au kama mandhari, lakini kwa kondoo ndivyo nyumba.

Kondoo wa jangwani hana mbio za kumshinda puma, yule paka mkubwa wa mwitu wa Amerika, katika uwanda, wala hana silaha ya kumzuia, kwa kuwa pembe za dume ni za kupigania majike. Usalama wake unategemea mambo mawili: jicho linaloona mbali na mguu unaoweza kusimama mahali ambapo mguu wa adui hauwezi. Kwato zake zina ukingo mgumu na kiini laini kinachoshika jiwe. Jike anapokaribia kuzaa hujitenga na wenzake, hupanda kwenye genge gumu kuliko yote anayoyajua, na huzaa mtoto mmoja kwa kawaida. Mtoto husimama mapema na kumfuata mama yake, lakini katika siku zake za mwanzo genge ndilo ulinzi wake karibu wote dhidi ya puma na tai. Hivyo mahali panapomfaa mnyama huyu sharti pawe na mambo yote mawili kwa pamoja, mteremko mkali na uwazi wa kuona. Ufa wa Pirate uliupa mlima mteremko. Uwazi uliletwa na moto.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kiini cha kisa kilipo, na ndipo mazungumzo mengi ya watembeaji hupita haraka mno. Mlima wa jangwani hauna mimea ya aina moja. Mwanabotania Forrest Shreve, aliyefanya kazi katika maabara ya jangwa iliyoanzishwa Tucson mwaka 1903, alichapisha mwaka 1915 uchunguzi wa milima hii hii ulioonyesha jinsi uoto unavyobadilika kadiri mtu anavyopanda, na jinsi mteremko unaotazama kusini unavyobeba mimea ya jangwa hadi mwinuko mkubwa kuliko ule unaotazama kaskazini. Aligundua pia kwamba hewa baridi ya usiku huteremka na kujikusanya makorongoni, kwa hiyo dungusi wakubwa wa aina ya saguaro, wasiostahimili baridi kali ya muda mrefu, hustawi kando ya makorongo na kukosekana sakafuni mwake. Juu ya saguaro kuna nyasi, kisha mialoni na vichaka vigumu, kisha misonobari. Ukanda huo wa katikati, wa nyasi, mialoni na vichaka, ndio uliokuwa ukiungua mara kwa mara kwa radi katika karne zilizopita, na moto mdogo wa mara kwa mara uliuzuia usifunge.

Katika karne ya 20 serikali ilizima moto wowote uliotokea msituni, na sera hiyo ilionekana kuwa hekima yenyewe. Matokeo yake yalikuja polepole. Vichaka vilisongamana katika miteremko ambayo kondoo walikuwa wakilishia, na palipokuwa wazi pakawa mahali pa puma kujificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulilinganisha maeneo ya Pusch Ridge ambayo kondoo walikuwa bado wanayatumia na yale waliyoyaacha, na tofauti zilizojitokeza zilihusu kuonekana kwa mbali na ukaribu wa shughuli za watu. Kondoo walikuwa wamejibana katika sehemu iliyo wazi zaidi na tulivu zaidi. Kundi lililobanwa hivyo halina nafasi ya kukosea, kwani mwaka mmoja wa ukame au puma mmoja aliyezoea kuwinda hapo hutosha kulitikisa.

Jambo la pili ni jiji lenyewe. Tucson ilipokua kuelekea kaskazini, nyumba zilifika kwenye mguu wa mlima, na maeneo ya chini ambayo kondoo waliweza kuyapita kwenda safu jirani yakawa mitaa. Magonjwa nayo hayapaswi kusahaulika, kwa kuwa kondoo wa mwitu hawana kinga nzuri dhidi ya vimelea vya nimonia vinavyobebwa na kondoo na mbuzi wa kufugwa. Mwishoni mwa mwaka 2003, katika milima ya Silver Bell kaskazini-magharibi mwa jiji, mbuzi wa kufugwa walioingia katika makao ya kondoo wa mwitu walihusishwa na mlipuko wa ugonjwa wa macho uliowapofusha baadhi yao, na mnyama kipofu juu ya genge hana siku nyingi.

Ndipo tunafika kwa mpandaji. Makorongo ya Pima na Finger Rock, ambako njia za miguu zinaanzia ukingoni mwa mitaa, ni miongoni mwa sehemu zinazotembelewa sana Tucson, na zinapita katikati ya makao ya kondoo. Ni rahisi kudhani kwamba mtu anayetembea kimya hamdhuru mnyama asiyemkaribia. Utafiti uliofanywa Alberta, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1982, ulipima mapigo ya moyo ya kondoo wa pembe kubwa kwa vifaa walivyofungwa, na matokeo yake yanastahili kujulikana na kila mtembea milimani. Kondoo walioona mtu akija kutoka upande waliouzoea, kama vile barabarani, walibadilika kidogo tu. Walioshtuka zaidi ni wale waliojiwa na mtu aliyefuatana na mbwa, hata mbwa huyo akiwa amefungwa kamba, na wale waliotokewa na mtu kutoka nyuma ya mgongo wa mlima, yaani kutoka juu, upande ambao kwao ni wa kukimbilia.

Tafsiri yake kwa Pusch Ridge ni wazi. Kinachomwathiri kondoo si idadi ya watu tu, bali pia kama watu hao wanatabirika. Mia moja wanaopita katika njia ileile, mchana, bila mbwa, wanaweza kuwa na madhara madogo kuliko mmoja anayekata mbuga kupanda kibao cha mwamba ili apige picha nzuri ya machweo. Na jike aliyehamishwa kutoka genge lake la kuzalia hapotezi dakika kumi za utulivu tu. Huenda akahamia mteremko mbaya zaidi, wenye vichaka, akiwa na mtoto wa siku mbili.

Kanuni za eneo hili zimejengwa juu ya mantiki hiyo. Katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya kondoo, mbwa hawaruhusiwi, isipokuwa wale wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Aprili, msimu wa kuzaa, ni marufuku kwenda zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi, nje ya njia. Makundi ya watembeaji wa mchana hayaruhusiwi kuzidi watu 15, na ya wanaolala mlimani watu 6. Nimesikia kanuni ya mbwa ikilalamikiwa kuliko nyingine zote, hasa na watu ambao mbwa wao ni wapole kweli. Upole haubadilishi kitu. Kondoo hamwoni mbwa wa nyumbani. Anaona umbo na harufu ya mnyama wa jamii ya koyote na mbwa mwitu, na mwili wake unajibu kabla ya jambo lingine lolote. Kati ya kanuni hizi nne, kama ningelazimika kubakiza moja, ningebakiza hiyo.

Turudi kwenye mfululizo wa matukio. Moto mkubwa wa Bullock mwaka 2002 na ule wa Aspen mwaka 2003, ulioteketeza hekta zaidi ya 34,000 na mamia ya majengo katika kijiji cha Summerhaven, ulikuwa msiba kwa wakazi wa mlimani. Hata hivyo, mioto hiyo iliondoa vichaka katika sehemu kubwa, na ndiyo iliyowafanya wataalamu waanze kufikiri kwamba mlima huenda ungewafaa kondoo tena. Mnamo Novemba 2013, Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Arizona iliwaachilia kondoo 31, wengi wao wakiwa wamekamatwa katika milima ya upande wa Yuma, kusini-magharibi mwa jimbo. Walivishwa mikanda ya shingoni inayotuma mahali walipo, na mpango ulisimamiwa kwa ushauri wa kamati iliyowaweka pamoja wawindaji na mashirika ya uhifadhi, watu ambao si kawaida yao kukubaliana.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Karibu nusu ya kondoo hao walikufa, wengi wao kwa meno ya puma, na idara ikawaua puma kadhaa waliothibitika kuwinda kondoo. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na nadhani ilikuwa na haki kwa sehemu. Puma ni mwenyeji wa mlima huu. Hakuletwa na mtu. Lakini wakosoaji wengi walisahau kwamba kondoo walioletwa walikuwa wageni. Mnyama huyu hujifunza mlima kwa kuwafuata wakubwa wake: genge lipi linapitika, kidimbwi kipi cha mwambani hubaki na maji mwezi Juni, mteremko upi una kivuli cha adhuhuri. Kundi la zamani lilipokufa, ujuzi huo ulikufa nalo, na waliokuja kutoka milima mikavu na mifupi ya Yuma hawakuwa na wa kuwafundisha. Kwa hiyo ninaona kwamba kuwaua puma wachache katika miaka ya mwanzo kungeweza kutetewa kama hatua ya muda, lakini kusingeweza kutetewa kama desturi. Mlima ambao kondoo wake wanaishi kwa sababu bunduki inawalinda daima haujarudishiwa kondoo.

Makundi mengine yaliletwa katika miaka iliyofuata, wanakondoo wakazaliwa mlimani, na waliozaliwa hapo wakaanza kuujua mlima kwa namna ambayo wazazi wao hawakuweza. Ndipo, tarehe 5 Juni 2020, radi ilipowasha moto karibu na Pusch Ridge penyewe. Moto huo, uliopewa jina Bighorn kutokana na kondoo hawa, uliunguza karibu hekta 48,500 kabla ya kudhibitiwa mwezi Julai, na njia nyingi za miguu zilifungwa. Kwa ukanda wa vichaka, ulikuwa mwendelezo wa kazi ambayo mlima ulinyimwa kwa takribani karne nzima, na kondoo waliendelea kuonekana majabalini baada yake.

Lakini moto uleule una maana tofauti kabisa mita mia chache chini, na hapa tahadhari inahitajika kwa yeyote anayetaka kusema kwamba moto ni mwema au mbaya. Ukanda wa saguaro haukuzoea kuungua. Mimea yake huota kwa kuachana, na nafasi tupu kati yake ilikuwa kizuizi cha asili. Kizuizi hicho sasa kinajazwa na nyasi ya buffelgrass, iliyopelekwa Arizona kutoka Afrika katika miaka ya 1930 kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. Nyasi hiyo hukauka ikawa kuni nyepesi, huungua kwa joto kali, kisha huchipua upya haraka, ilhali saguaro iliyoungua hufa, na mche wake mmoja huhitaji miongo kadhaa kufikia urefu wa mtu. Miteremko ya Pusch Ridge inayotazama kusini imeshambuliwa vibaya. Wanaojitolea hung'oa nyasi hiyo kwa mikono na sururu, kazi ngumu juani, na ni mojawapo ya huduma chache ambazo mpandaji wa kawaida anaweza kuutolea mlima zaidi ya kujizuia kufanya madhara. Aidha, baada ya moto, makorongo hubeba mafuriko yenye matope na magogo hata kwa mvua ya wastani ya Julai na Agosti, kwa hiyo njia iliyokuwa salama kabla ya mwaka 2020 inapaswa kupimwa upya na kila anayeijua kwa mazoea.

Linabaki suala la kutengwa. Kundi dogo lililozungukwa na mitaa hatimaye huzaliana lenyewe kwa lenyewe, na safu za milima ya jangwa zilikuwa zikibadilishana kondoo kwa safari fupi za kuvuka mabonde. Upande wa magharibi wa Santa Catalina, kuelekea milima ya Tortolita, barabara kuu ya Oracle iliikata njia hiyo. Mwaka 2016 lilikamilika juu yake daraja pana lililofunikwa udongo na mimea ya jangwa, pamoja na uzio wa kuwaelekeza wanyama kulifikia, na kulungu tayari wamepiga picha zao wenyewe mbele ya kamera zilizowekwa hapo. Daraja hilo ni la wanyama pekee. Mpandaji anayelitazama kutoka kwenye miteremko ya juu ataona jinsi lilivyo jembamba likilinganishwa na mitaa iliyoenea pande zake mbili, na kila kiwanja kipya kinachojengwa kwenye vichwa vyake kinapunguza thamani yake, jambo ambalo huamuliwa katika vikao vya mipango miji vya mji wa Oro Valley na kaunti ya Pima.